Fundi Aliyesema Kesho

Ukimpelekea Fundi kitambaa ukamwuliza kitakuwa tayari lini, atakwambia kesho. Hakuwa na siku nyingine. Nimemwona bibi harusi akilia pale barazani, gauni lake lingali vipande viwili, na Fundi amekaa nyuma ya cherehani na futi yake ya kupimia shingoni, anamwambia kwa upole mkubwa kwamba kesho, inshallah, apite baada ya alasiri. Harusi yenyewe ilikuwa siku hiyo hiyo. Mimi nilisubiri dera langu miezi minne, na nilipolipata nilikuwa nimenenepa, likagoma mabegani. Nilimtukana Fundi mbele ya watu. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Haya, liache hapo. Kesho nitalitoa kidogo."

Kitu kimoja tu hakikuwahi kuchelewa mikononi mwake, nacho ni sare ya shule. Ukimletea kitambaa cha sketi Ijumaa, Jumapili sketi inaning'inia msumarini, marinda yamepigwa pasi, na pindo limeachwa nene ili mtoto akirefuka lishushwe. Wenye magauni yao wakilalamika, hujibiwa kwamba harusi haina kengele. Hakufafanua zaidi. Fundi alizoea kuzungumza na pini midomoni, kwa hiyo maneno yake yalikuwa mafupi, na mengine yalibaki humo humo kati ya pini.

Nyumba yetu Msambweni imetengana na baraza yake kwa uchochoro mwembamba, kiasi kwamba nikikaanga samaki yeye ndiye wa kwanza kujua. Tumeishi hivyo miaka kumi na tatu. Kama aliwahi kuoa, kama alisoma na alisoma mpaka wapi, mambo hayo sikuyauliza, naye hakuyasema. Nilimjua kwa sauti ya cherehani yake, na kwa miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi.

Na nilimjua kwa watoto. Kila siku ikifika saa kumi jioni, watoto watano au sita walikuwa wamekaa juu ya mabaki ya vitambaa pale barazani, wana madaftari mapajani. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyelipa. Mwanangu Riziki alianza kwenda akiwa gredi ya nne, na mwanzoni mimi nilikasirika, maana nilijua Fundi si mwalimu na nilidhani mtoto anakwenda kupoteza wakati.

Siku moja nilisimama nyuma ya dirisha langu nisikilize wanachofanya. Riziki alikuwa na hesabu ya sehemu, zile za theluthi na robo. Fundi akatoa pini midomoni.

"Nifundishe," akasema. "Mimi sijui."

"Wajua, Fundi. Wewe wakata vitambaa kila siku."

"Mkono ndio unaokata, kichwa hakijui kitu. Haya, sketi ina marinda ishirini na manne. Theluthi yake nimeweka mbele. Nyuma nibakishe mangapi?"

Riziki akahesabu kwa vidole, akasema kumi na mbili. Mimi pale dirishani mkono uliniwasha kabisa, na kama ningekuwa karibu ningemzaba kofi. Fundi aliikunja sketi, akaikunjua, akakuna kichwa chake.

"Hapo sijaelewa," akasema. "Rudia polepole, mimi ni mzito."

Riziki akarudia polepole. Alipofika katikati akanyamaza, akacheka mwenyewe, akasema, "Ngoja, Fundi, nilikudanganya. Ni kumi na sita." Fundi akaitikia kwa kichwa, akarudisha pini zake midomoni na kuendelea kushona.

Ndiyo ilikuwa njia yake. Hakumwambia mtoto hata siku moja kwamba amekosa. Yeye ndiye alikuwa hajaelewa. Na mtoto akianza kuchoka, akipiga miayo na kukwaruza ukuta, ghafla sindano ya Fundi huanguka. Basi wote chini, magoti na viganja, kutafuta sindano, kucheka na kusukumana, mpaka mmoja aipate. Kisha hurudi kwenye daftari wakiwa wapya. Kuna jioni moja sindano ilianguka mara nne. Nilimwambia, "Fundi, macho yako yameharibika." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Si macho, Mama Riziki. Ni mikono." Ilinichukua mwaka mzima kujua kwamba alikuwa anaziangusha makusudi.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchokozi, mwenye kinyongo, na mbuzi wa watu walimjua kwa kandambili zake alizowarushia. Aligombana na mwenye duka la jirani kwa sababu ya redio, wakanuniana mwaka na nusu. Na huko kusema hajui kulikuwa uongo mtupu. Mzee mmoja mstaafu alikuja kudai kwamba kitambaa chake cha suruali kimepunjwa, na Fundi, bila kalamu wala karatasi, alimhesabia kila inchi iliyokwenda kiunoni, mfukoni na kwenye pindo, haraka haraka, mpaka yule mzee akaomba radhi. Watoto walikuwa wamekaa pale pale. Riziki akaniambia baadaye, "Mama, kumbe Fundi ana akili." Lakini kesho yake alipoambiwa "Nifundishe," alimfundisha tu kama kawaida.

Na alikuwa mwoga. Hilo halikunipitia akilini kwa miaka mingi, kwa sababu mtu anayewapima watu kutwa humdhanii kuwa anaogopa kupimwa. Wahudumu wa afya walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kupima presha. Wakionekana tu kona ya msikiti, Fundi hutoka kwa mlango wa nyuma na kupotelea kwenye minazi. Nilimkuta huko siku moja, amekaa juu ya kifuu, jasho linamtoka.

"Fundi, ni kamkanda ka mkononi tu," nikamwambia.

"Mimi ndiye napima watu," akasema. "Sipimwi."

"Sasa utapimwa lini?"

"Kesho."

Nikacheka. Nilicheka sana siku ile, na leo kicheko kile nakijutia.

Sasa niseme habari yangu mimi, maana bila hiyo huwezi kumjua. Mimi nafanya kazi Diani, kwenye dobi la hoteli. Nafua na kukunja mashuka ya wageni. Ninaondoka alfajiri na kurudi jioni, vidole vimenyauka kwa dawa. Mume wangu yuko kwenye miwa kule Ramisi, huja mwisho wa wiki. Riziki ndiye mtoto wetu wa pekee. Basi hofu yangu yote niliimwaga juu yake. Nilimbandikia ratiba ukutani, ya kila saa. Nilimnunulia vitabu vya mitihani iliyopita. Na kila akizembea nilikuwa na sentensi moja, nikiisema na mikono yangu nimeinyoosha mbele ya uso wake: "Unataka kuja kufua mashuka kama mimi?"

Mtoto akaanza kuumwa na tumbo. Si kila siku, ni siku za majaribio tu. Nikampeleka hospitali mara mbili, akapewa dawa ya minyoo. Alipofika gredi ya sita, mwaka wa mtihani wa taifa, alikuwa anatapika asubuhi na kuficha matapishi kwa mchanga ili nisijue. Niliyaona. Sikujua la kufanya, na mimi nisipojua la kufanya huwa napiga kelele.

Akirudi shuleni na karatasi, kabla hajavua viatu, nilimwuliza, "Umepata ngapi?" Na kutoka ng'ambo ya uchochoro, kabla mtoto hajafungua mdomo, sauti ya Fundi hujibu na pini zake:

"Kesho!"

"Sikukuuliza wewe, Fundi!"

"Leo ale. Kesho atakwambia."

Nilimchukia kwa hilo. Nilimwambia aangalie magauni ya watu aachane na mwanangu. Lakini niliona, na sikutaka kuona, kwamba Riziki akisikia lile neno alikuwa anashusha pumzi na kuingia ndani kula. Mwisho nikawa naacha mpaka kesho. Tumbo likapungua. Kufikia muhula wa tatu alikuwa hatapiki tena, na mimi nikaanza kuamini kwamba tutavuka.

Ndipo nikafanya kosa ambalo sijalisahau.

Mtihani ulikuwa unaanza Jumatatu. Ijumaa yake niliomba ruhusa kazini, nikaalika akina mama wa mtaa tumsomee Riziki Yasini. Kwetu ni jambo la kawaida, na dua si kosa, wala simlaumu mtu. Tulitandika mkeka chumba cha ndani, kile cha dirisha dogo, nikamkalisha Riziki katikati na kumfunika leso yangu. Akina mama wakasoma, wakampulizia maji, akanywa. Wengine walilia kidogo kwa huruma, wakamshika kichwa. Kaimati na chai vilikuwa tayari jikoni. Nilijisikia mama kamili siku ile.

Fundi alikuja kuleta sketi mpya. Alisimama mlangoni, akatazama ndani muda mrefu.

"Mama Riziki," akaniita kando. "Anaumwa nani?"

"Hakuna anayeumwa. Tunamwombea mtihani."

"Yeye anajua hivyo?"

Nilidhani ni ule uchokozi wake. Nilimpa sahani ya kaimati aende zake, akaondoka na sketi bado mkononi.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Riziki alikuwa amejifunika gubigubi, uso ukutani. Nikamwita mara mbili. Nikavuta shuka, nikamkuta macho makavu, hajalala, mikono ameikunja kifuani.

"Mama," akasema, "nina ugonjwa gani?"

"Ugonjwa gani tena? Amka, utachelewa!"

"Bibi alisomewa Yasini hapa Ijumaa. Mlimfunika leso hiyo hiyo. Jumapili akafa."

Ilikuwa kweli. Mama mkwe alifia chumba kile mwaka uliotangulia, juu ya mkeka ule, na akina mama ni wale wale. Katika maisha yake yote mwanangu hakuwa ameona watu wakikusanyika kumsomea mtu mmoja, wakimlilia na kumshika kichwa, ila yule anayekufa. Na mimi sikumweleza neno. Siku tatu nzima alikuwa amekaa akisubiri kufa, na alikuwa hajamwambia mtu, kwa sababu aliona sisi wakubwa tumekwisha kukubali.

Nilimwambia si hivyo. Niliapa. Nilimkumbatia, nikamvuta mkono, nikampigia baba yake, naye akasema mwambie ajikaze. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kukakamaa, na kisha akatapika kwenye sketi ya nyumbani. Saa ilikuwa inakwenda. Sijawahi kujiona bure kama nilivyojiona asubuhi ile, mama mzima nimeshika ndoo ya maji, sijui nimwage wapi. Nikatoka mbio nikavuka uchochoro na kumwita Fundi kwa jina la Mungu.

Alikuja na futi yake shingoni. Hakuingia chumbani. Alikaa chini kizingitini, miguu nje, akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kutembea.

"Riziki," akasema, "nataka kujishonea kanzu. Mtu hawezi kujipima mwenyewe. Njoo unipime."

Mtoto hakusogea. Fundi akaivua futi, akainyoosha mkononi, akatulia. Hakusema mtihani. Hakusema Yasini. Mimi nilikuwa nimesimama natazama saa kwenye simu, natazama mtoto, natazama simu.

"Mama Riziki," akasema bila kugeuka, "nenda kaoshe vyombo."

Vyombo vilikuwa safi. Niliviosha. Nikaosha sufuria, nikaosha vikombe, nikaviosha tena, masikio yangu yako chumbani. Sijui ni muda gani ulipita. Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, ndogo, ya ukali kidogo, ile ya kufundisha:

"Inua mkono, Fundi."

"Hivi?"

"Zaidi. Sasa tulia. Kifua, thelathini na nane. Mbona unatetemeka?"

"Naogopa."

"Haiumi. Ni futi tu."

"Unajuaje?"

"Ulinipima mimi wiki jana, na mimi si nipo?"

Fundi akasema, "Andika, nisije nikasahau. Kifua thelathini na nane. Sasa bega."

Nilichungulia. Mwanangu alikuwa amesimama, ana daftari, penseli sikioni kama fundi mkubwa, na yule mtu aliyekimbilia kwenye minazi kwa ajili ya kamkanda ka presha alikuwa ameinua mikono juu, macho ameyafumba, jasho linamchuruzika, anapimwa. Alipomaliza kupimwa akasema tu kwamba sketi iko kwake, imepigwa pasi. Riziki akanawa, akavaa. Fundi alimsindikiza hadi geti la shule kwa miguu, mimi nikifuata nyuma na chai ndani ya chupa, sina kazi yoyote. Waliingia dakika chache kabla ya karatasi kugawiwa.

Alifanya karatasi zake zote. Sikumwuliza ngapi. Baadaye, matokeo yalipokuja, mwalimu wa darasa alinieleza kwamba watoto wote wanapanda gredi ya saba, aliyepata nyingi na aliyepata chache, na kwamba aliwaambia wazazi hivyo kwenye mkutano. Mkutano ule sikwenda, nilikuwa kazini. Niliketi kwenye ngazi za ofisi ya shule, nikashindwa kujua nicheke ama nilie.

Kanzu haikushonwa. Nilipomkumbusha Fundi, alisema kesho.

Kiharusi kilimpata mwaka huu, wakati wa mvua. Alikutwa barazani, kichwa juu ya cherehani, upande wote wa kulia umekwenda. Hospitalini walisema presha ilikuwa imempanda kwa muda mrefu. Alilazwa, akaruhusiwa, na dada yake akaja kutoka Jego kumwuguza. Cherehani imefunikwa shuka. Watoto hawaji tena, wanapita tu na kutazama.

Riziki sasa yuko gredi ya tisa, na safari hii mtihani ni wa kweli, ndio utakaosema anakwenda shule gani na kusoma nini. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani tulipokwenda kumwona Fundi juzi. Tulimkuta amekalishwa kitandani, mito huku na huku. Uso umevutwa upande mmoja. Muuguzi alikuwa ameagiza kwamba kila siku auinue ule mkono, angalau mara kumi, la sivyo utakauka.

"Hataki," dada yake akanong'ona. "Akiwa na watu hataki kabisa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaushika ule mkono mzito. "Fundi, inua," nikamwambia. "Jitahidi. Dada amesema jana uliinua mpaka hapa. Haya, moja! Inua, Fundi! Unataka mkono ukauke?" Nilikuwa napaza sauti. Alifumba macho, na jasho likaanza kumtoka kwenye paji. Nikaijua sauti yangu, ilikuwa ile ile ya mashuka, na bado sikuweza kunyamaza. Nilikuwa naogopa mno.

Riziki akanigusa bega. Akasimama, akaitungua futi kwenye msumari ilipotundikwa, akaja mbele yake akapiga magoti, kimo chake kikawa chini ya macho ya Fundi.

"Fundi, ile kanzu," akasema. "Vipimo vyako nilivyoandika vimepotea. Naomba nikupime tena."

Fundi akafumbua macho.

"Inua mkono kidogo tu. Futi ipite."

Ulipita muda. Halafu mkono ukanyanyuka, kiasi cha upana wa vidole viwili, na Riziki akapitisha futi chini ya kwapa, akaizungusha mgongoni, akaikutanisha kifuani. Mimi nilikuwa karibu. Mimi ni mtu wa kuuliza ngapi, siku zote nimekuwa hivyo, kwa hiyo niliisoma nambari kabla yake. Thelathini na tatu.

Fundi alikuwa anamtazama usoni. Mdomo ulijaribu mara mbili kabla neno halijatoka.

"Nga... pi?"

Riziki akaikunja futi taratibu, ikawa duara dogo kiganjani.

"Kesho, Fundi," akasema. "Nitakwambia kesho."

Nusu ya uso wake ikacheka. Mkono ulikuwa bado haujashuka. Nikainuka nikaenda jikoni kwa dada yake, nikachukua vikombe vilivyokuwa safi, nikaanza kuviosha.